Mzee wa Gesi na Taa Tatu

King'ora kilipolia kiwandani kwetu, watu hawakukimbia. Walimtazama yeye kwanza. Kama alikuwa karibu, wanawake wa ukumbi wa kupakia walisimama na visu vidogo mkononi wakaikodolea macho pua yake, na kama hakuwa karibu waliulizana, "Mzee wa Gesi yuko wapi?" Akitikisa kichwa, kazi iliendelea. Akikunja uso, nusu yao walianza kuvua aproni. Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye sikuona jambo lililomuudhi kuliko kule kutazamwa. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kustaafu: king'ora kilie na watu watoke bila kumtafuta. Na kama nitakavyoeleza, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kumtazama.

Kiwanda kilikuwa Athi River, mahali ambapo vumbi la simiti la majirani lilitua juu ya mabati yetu hata siku ya mvua. Tulikuwa tunagandisha mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayolimwa huko Ekalakala na kwingineko, ili yasafirishwe ng'ambo. Vyumba vya baridi viliendeshwa kwa amonia, gesi inayozunguka ndani ya mabomba ikilitoa joto chumbani na kulipeleka nje. Ikikaa bombani haina neno. Ikivuja inachoma macho na koo, na ikivuja nyingi mahali palipofungwa inaua. Kazi ya Mzee wa Gesi ilikuwa kuhakikisha kwamba inakaa bombani, na siku ikikataa kukaa, watu wawe nje mapema.

Mimi niliajiriwa katikati ya miaka ya tisini kama fundi wa umeme na vipimo. Nilikuwa na diploma, watoto wawili niliowaacha kwa mama yangu Mitaboni, na maoni mengi kuhusu kila kitu. Siku ya kwanza alinipokea langoni, akanitazama viatu kabla ya kunitazama uso.

"Hivyo viatu ni vya harusi au vya kazi?"

"Ni vya kazi, Mzee."

"Basi kimbia hadi pale kwenye tangi la maji, kisha urudi."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikakimbia, mwanamke mzima na mkoba begani, walinzi wakinicheka hadi wakashika mlingoti wa bendera. Niliporudi nikihema aliangalia saa yake, akaandika kitu kwenye kiganja cha mkono, akasema, "Sawa. Karibu kazini." Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya pili, na baadaye niligundua kwamba hata meneja alikuwa ameyapitia.

Alikuwa mfupi, mwenye kifua cha jogoo, na sweta ya kijivu ambayo hakuivua kazini hata Januari. Alisema baridi ya vyumba vile humwingia mtu mara moja na haitoki tena. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote, kwa kuwa alikulia katika zile familia za Waislamu wa mjini Machakos, na Kikamba chake pia kilikuwa safi kuliko changu, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha. Aliongea kwa sauti ya chini sana karibu na mitambo. Fundi akipiga kelele, alisema, hawezi kuisikia kompresa ikianza kukohoa. Lakini akiwa kwenye kantini alipaza sauti kama mnadi wa ng'ombe, na hadithi zake zilikuwa ndefu mpaka chai ikapoa.

Alikuwa na swali moja aliloliuliza kwa kila jambo: "Umemuuliza nani mwingine?" Ukimwambia pampu imepata joto, atakuuliza hivyo, akimaanisha kama umepima mafuta, umegusa bomba, umesikiliza beringi. Ukimwambia fulani ameposwa, atakuuliza hivyo hivyo. Siku moja meneja alimwambia saa imefika nne kamili. "Umemuuliza nani mwingine?" akajibu, na kweli saa ya meneja ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Swali hilo lilinichosha. Kisha likaniambukiza, na leo watoto wangu wananilalamikia kwa sababu hiyo hiyo.

Hakuwa mtu wa kunyooka kila upande, na sitaki kumpamba. Alitukataza kukimbia kwenye ngazi, naye alikuja kazini kwa baiskeli isiyo na breki, akiisimamisha kwa soli ya kiatu. Alituandikia kwa rangi nyekundu kila mahali kwamba kofia ni lazima, na yake aliitumia kubebea mayai aliyonunua kwa akina mama wa langoni. Aliwaogopa mabata waziwazi. Jirani mmoja wa kiwanda alifuga mabata, na Mzee wa Gesi, aliyewahi kuingia peke yake kwenye chumba chenye amonia akiwa na barakoa yenye kioo kilichopasuka, alizunguka ua mzima ili asipite karibu nao.

Halafu kulikuwa na pua. Sifa ya pua yake ilifika hadi viwanda vya jirani. Saa ya chakula alipita kati ya mabenchi akinusa mikebe ya wanawake ikiwa bado imefunikwa na kutangaza: "Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Maharagwe na mboga. Huyu ana samaki, na samaki mwenyewe ni wa juzi." Sikumwona akikosea. Wanawake walipiga makofi. Mama Mutheu, aliyekuwa supavaiza wa kupakia, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alisema pua kama hiyo ingefaa kuwekewa walinzi. Basi ndiyo maana king'ora kikilia walimtazama yeye. Nani atasikiliza chuma na hali pua iko pale?

Na ukweli ni kwamba chuma kilikuwa kimejiharibia jina. Ukutani kulikuwa na kisanduku kimoja cha rangi ya maziwa, tulichokiita sensa. Ndani yake mlikuwa na punje ndogo yenye moto, ambayo umeme wake hubadilika ikikutana na gesi. Shida ni kwamba haikuchagua. Ilipiga kelele kwa amonia, kwa spiriti ya kufutia meza, kwa moshi wa lori lililorudi nyuma hadi mlango wa kupakilia. Mara tatu kwa juma king'ora kililia bure. Mwanzoni watu walitoka mbio. Kisha wakatoka wakitembea. Kisha wakaacha kutoka, wakawa wanatazama pua.

"Mimi nimechoka kukimbia bure," Mama Mutheu alimwambia mbele yetu. "Mishiri inalala hapo inanyauka, tukirudi hakuna gesi, hakuna kitu. Hiyo mashine yako iko na wazimu."

Meneja naye alichoka. Alimwita Mzee wa Gesi ofisini, nami nikaitwa kwa kuwa waya zilikuwa zangu. "Nakupatia mpaka mwisho wa msimu," akasema. "Ikiendelea kulia bure, nitazima hiyo kitu, na wewe tutakupatia barua ya shukrani uende upumzike."

Tukatoka. Kwenye korido Mzee wa Gesi alisimama, akashika ukuta. "Akiizima," akasema, "watabaki na pua peke yake." Nilidhani anajisifu. Nilikasirika kidogo, nikaenda zangu.

Nilifungua daftari. Kila king'ora kilipolia niliandika siku, saa, na kilichokuwa kikiendelea: nani anafuta meza, lori gani liko mlangoni, kama sakafu inaoshwa kwa maji moto. Baada ya majuma kadhaa nililiona jambo ambalo sikulielewa. Ijumaa ilizidi siku zote. Ijumaa alasiri, kati ya saa nane na saa tisa, ilikuwa nadra king'ora kisilie. Na saa hizo hakukuwa na lori, hakukuwa na spiriti, hakukuwa na mvuke.

Ijumaa iliyofuata nilijibanza karibu na kisanduku. Mzee wa Gesi alirudi kutoka msikitini, kanzu ndani ya mfuko, sweta mwilini. Kama kawaida yake alikwenda moja kwa moja kukikagua kile kisanduku kabla ya jambo lolote. Aliinama, akasogeza uso hadi shavu likakaribia chuma, akagonga kwa kidole ili asikilize. King'ora kikalia. Akasogea zaidi ili aone kuna nini. Kikazidi kulia. Na mimi niliyesimama hatua tano nyuma yake nilikuwa tayari nimefikiwa na marashi.

Kila mtu kiwandani aliyajua marashi yake ya Ijumaa. Yalikuwa ya chupa ya kupuliza, ya spiriti, na aliyapaka kwa namna ambayo ukimpita mlangoni ulibaki nayo wewe hadi jioni. Lakini nani angethubutu kumwambia mwenye pua ile kwamba yamezidi? Tulidhani ndivyo watu wenye pua kubwa wapendavyo.

"Mzee," nikamwambia, "ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Toka hapo usimame kule mlangoni."

Akatoka. King'ora kikanyamaza. Nikamwita arudi, kikalia. Tulifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu alianza kucheka. Alicheka hadi akaketi juu ya kreti, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Kumbe nimekuwa nikijikamata mwenyewe," akasema. Nami nilicheka, kisha nikauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Lakini wewe mwenye pua hiyo, husikii kwamba ni mengi?"

Akaacha kucheka. Aliangalia huku na huku, na kwa ile sauti yake ya chini ya karibu na mitambo akaniambia. Hakuwa akisikia harufu yoyote. Miaka mingi kabla sijaja alishikwa na homa, homa ikaondoka, harufu haikurudi. Marashi alibonyeza mpaka ahisi shingo imelowa, kwa kuwa hakuwa na kipimo kingine.

"Na ile mikebe?"

"Jumatatu ni muthokoi kwa sababu Jumapili watu wamekula wali ukaisha. Mwenye maharagwe mkebe wake mzito. Mwenye samaki amejitenga, anaona haya." Akatabasamu kidogo. "Nilianza kwa mchezo, binti yangu. Siku moja nikaona mchezo umekuwa kazi."

Nilimkasirikia sana, na sioni haya kusema hivyo. Wanawake wote wa zamu walikuwa wameyaweka maisha yao kwenye pua iliyokufa. Nilimwambia hivyo. Hakujitetea. Alisema amonia ikizidi macho yake huwasha, lakini wakati huo mwenye pua nzima ameshakimbia kitambo. Alitembea na vipande vya karatasi ya litmasi mfukoni, ile nyekundu inayogeuka bluu ikilowekwa na kukutana na amonia, na vijiti vya salfa ambavyo moshi wake huwa mzito na mweupe palipo na uvujaji. Sisi tulidhani hizo ni mbwembwe za fundi aliyekwisha kunusa. Kumbe ndizo zilizokuwa pua yake.

"Basi waambie," nikasema.

"Nikiwaambia leo, meneja ananitoa kesho, na atakayekuja atakuja na pua yake. Nayo ni moja tu. Watamtazama yeye." Akanishika mkono. "Niache kwanza wajifunze kutazama kitu kingine. Kisha nitawaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Nilikubali kwa sharti hilo, na nikamwambia nitamhesabia siku. Nikasema pia kwamba kwa sasa aache tu marashi, mambo yatakuwa yamekwisha. Akakataa. Marashi ataacha, akasema, mke wake atamtafutia uturi wa mafuta usio na spiriti, lakini leo alikuwa ni yeye na kesho ni lori. "Hiyo sensa haijasema uongo. Imesema kuna kitu hewani, na kweli kilikuwepo. Sisi ndio hatukumuuliza mwingine."

Meneja, aliposikia tunataka vifaa zaidi, alikuwa tayari kununua visanduku viwili vingine kama kile. Nilidhani Mzee wa Gesi atafurahi. Akakataa tena.

"Bwana meneja, ukitaka kujua bibi harusi ana tabia gani, utawauliza dada zake watatu? Watakuambia kitu kimoja wote. Muulize dada mmoja, na jirani, na yule aliyemfundisha shule."

Meneja akacheka, na nafikiri ni kicheko kile kilichotupa vifaa. Kisanduku cha zamani kikabaki. Tukapata cha pili, chenye kichupa kidogo cha maji ya kemikali, ambacho hutoa umeme kikikutana na amonia na karibu hakijali kitu kingine. Ubaya wake ni kwamba hukauka na kufa kimyakimya, nawe ukadhani hewa ni safi. Cha tatu kilirusha mwanga usioonekana kutoka upande mmoja wa korido hadi mwingine, na amonia ikipita katikati huumeza mwanga ule. Hicho spiriti haikukisumbua, lakini mvuke ukitanda kwenye kioo chake kilichanganyikiwa. Kila kimoja kilikuwa na ujinga wake. Uzuri ulikuwa kwamba ujinga wao haukufanana. Kilichomdanganya mmoja hakikumdanganya mwenzake; amonia peke yake ndiyo iliyowakubalisha wote.

Tulitengeneza sanduku la swichi kwa vipuri vya paneli kuukuu ya kompresa, yeye akishika tochi na kunikosoa, mimi nikiunga waya na kumwambia anyamaze. King'ora kisingelia mpaka wawili kati ya watatu wakubaliane. Akisema mmoja peke yake, mimi au yeye tungekwenda kuangalia kwa karatasi na barakoa. Hapo ningeishia. Yeye akataka jambo moja zaidi: taa tatu, moja kwa kila sensa, zifungwe ukutani katika ukumbi wa kupakia, mahali ambapo kila mwanamke anaziona.

"Utawaogopesha," meneja akasema.

"Wanaogopa kwa sababu hawaoni," akajibu.

Haikupita siku nyingi wanawake wakazipa taa zile majina. Taa ya kisanduku cha zamani ikaitwa Mmbea, kwa kuwa iliwaka kwa kila kitu. Ya kichupa ikaitwa Bubu. Ya mwanga ikaitwa Mwenye Miwani, na sakafu ilipooshwa kwa maji moto ikawaka, ungesikia ukumbi mzima, "Miwani imeingia mvuke." Hakuna aliyeinua kichwa zaidi ya hapo. King'ora kilikaa kimya, juma hadi juma. Na kwa kuwa Bubu angeweza kufa bila kutuambia, kila Jumatatu asubuhi Mzee wa Gesi alipanda ngazi mbele ya wote akamnusisha kichupa chenye amonia kidogo. Taa ikiwaka wanawake walimsalimia Bubu kwa Kikamba, wakimuuliza ameamkaje. Zilikuwa siku za furaha zile. Nilikuwa nafika kazini mapema bila kulazimishwa.

Ila Mama Mutheu hakuyumba. "Taa ni nzuri," alisema, "lakini mimi nitakimbia nikikuona wewe unakimbia." Alisema kwa heshima, na ndiyo maana yaliuma. Mzee wa Gesi alitoka nje, nikamfuata.

"Siku itakapokuja kweli," akaniambia, "yule mama atanitazama, nami nitakuwa nimesimama tu kama nguzo ya stima."

Ilikuja Jumatano, kabla ya chai ya saa nne. Yeye alikuwa ameenda Machakos kupimwa macho. Mimi nilikuwa ukumbini nikibadilisha balbu. Mmbea akawaka. Mwanamke mmoja akasema, "Mmbea ameanza," nao wakaendelea kukata. Nilishuka ngazi, nikachukua barakoa na karatasi nikaangalie korido ya vyumba vya baridi. Sijafika mlangoni, Bubu naye akawaka, na king'ora kikalia kwa mara ya kwanza tangu tukisuke upya.

Nikageuka. Waligeuka wote, na hawakunitazama mimi. Walitazama dirisha la kiofisi chake, na ndani mlikuwa na kiti kitupu na sweta.

"Mzee wa Gesi yuko wapi?" sauti ikauliza.

Nilitaka kupiga kelele, lakini nilikuwa nimeshavaa barakoa. Mama Mutheu alikitazama kile kiti. Kisha akatazama taa, akaitazama ya Bubu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama kwaresima.

"Leo si Jumatatu," akasema. "Tokeni."

Wakatoka. Walitoka kama tulivyowafundisha, kuelekea upepo unakotoka, wakiutazama mfuko wa nailoni tuliofunga juu ya mlingoti, Mama Mutheu akiwa wa mwisho. Mimi na mwendeshaji wa kompresa tuliingia korido. Gasketi iliyoziba valvu moja ilikuwa imepasuka na gesi inatoka kwa mlio. Karatasi ilibadilika kuwa bluu kabla sijainyoosha. Tulizifunga valvu za pande zote mbili, tukatoka nje. Hakuna aliyeumia. Ndala moja ilipotea, ikapatikana baadaye chini ya mashine.

Mzee wa Gesi alirudi mchana, akatukuta tumekaa kwenye nyasi kando ya ua, baadhi wakiimba nyimbo za kanisani, wengine wakila. Alihesabu watu kwa kidole. Akahesabu tena. Kisha akamwendea Mama Mutheu.

"Nani aliwaambia mtoke?"

"Hakuna mtu. Wale wawili walikubaliana, tukatoka."

Alilia hapo hapo, machozi wazi, na dawa ya macho aliyowekewa hospitali ikamchirizika shavuni. Nilidhani atapumzika kwanza. Lakini alisimama mbele yao na kuwaambia kila kitu: homa, pua, marashi, mikebe. Alisema amewadanganya miaka na miaka na anaomba radhi. Nilisikia mabata ya jirani.

"Kwa hivyo," Mama Mutheu akasema polepole, "ile siku uliniambia samaki yangu ni ya juzi mbele ya watu..."

"Nilibahatisha."

"Ilikuwa ya siku hiyo hiyo asubuhi, Mzee. Nilienda nikaitupa."

Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wote, na Mama Mutheu asiyecheka ovyo alicheka hadi akafunika uso kwa aproni. Meneja alipopata habari alisema ile barua ya shukrani inaweza kungoja.

Ikangoja miaka kadhaa. Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nikakalia kiti chake, bila sweta. Wakongwe wakaondoka mmoja mmoja, Mama Mutheu akarudi kwao kulima, sensa zikaja mpya na ndogo zaidi, lakini za aina tatu vilevile, na taa nikazifunga pale pale ukutani. Nilikuwa nikimtembelea Mzee wa Gesi kila nilipopita Machakos, alikorudi kuishi, kisha kazi ikanibana, nikapitisha miaka miwili bila kumwona.

Nilipokwenda mara ya mwisho ilikuwa Jumapili mchana. Alikuwa amekonda, ameketi barazani, mguu mmoja juu ya kigoda, redio mapajani. Mke wake, Mama Zuhura, alinikaribisha kwa chai ya tangawizi na mahamri, akarudi jikoni kuongeza chai. Tuliongea juu ya ugonjwa wake wa sukari, juu ya wajukuu, juu ya mvua. Nikamwambia kwamba juma lililopita king'ora kililia.

Alizima redio. "Walitoka?"

"Wote."

"Walichukua muda gani?"

"Sikuwa nimemaliza kufunga kamba za barakoa."

"Kulikuwa na gesi?"

"Kidogo. Valvu ilikuwa inatoa jasho."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akizungusha kitufe cha redio bila kuiwasha. "Na hakukuwa na aliyeuliza?"

"Kuuliza nini, Mzee?"

"Niko wapi."

Nilikuwa nimeona jinsi alivyozeeka, na sikutaka kuwa mtu wa kumpa habari hiyo. Lakini yeye hakunifundisha kuficha kipimo. "Hakuna," nikasema. "Karibu wote ni wapya. Hawakujui, Mzee. Nafikiri wengi hawajawahi kusikia kwamba ulikuwepo."

Alinitazama. Kisha ule uso mkavu ukafunguka, akacheka kile kicheko chake cha kantini, kikubwa kuliko mwili wenyewe, akaugeukia mlango wa jikoni.

"Mama Zuhura! Acha hiyo chai uje usikie. Hawanijui hata mmoja." Mke wake akatokea na kijiko mkononi, na Mzee akanigusa goti. "Mwambie, binti yangu. Mwambie tena tangu mwanzo, king'ora kilipolia."